Mwaka wa Kusubiri Haukai Mtupu

Leo naomba tuweke kando habari za zawadi na za mawifi wakorofi. Kuna jambo linavunja uchumba mwingi kimyakimya, kuliko hata zile meseji za usiku wa manane. Ni pale mmoja wenu anapotaka kusoma udaktari, halafu anasema: "Naomba nikae kwanza mwaka mmoja au miwili, ndiyo niombe chuo."

Usicheke, piga hesabu. Shahada ya udaktari hapa kwetu ni miaka mitano. Ukimaliza kuna mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ule tunaouita intanshipu. Hiyo ni sita. Weka na miwili ya kukaa nyumbani, inakuwa minane. Binti aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 20 anakuja kuitwa daktari kamili akiwa na 28. Kwa wazazi wengi, 28 ni umri wa kupeleka mtoto wa kwanza shule. Mchumba naye ana kalenda yake kichwani, na mama mkwe mtarajiwa ana ya kwake.

Sasa je, huyo anayetaka kusubiri anazingua? Au ana akili kuliko sisi tuliokimbilia chuo wiki ileile fomu zilipotoka?

Mimi jibu langu nimelipatia Kirando.

Dokta wa mtaa mzima

Kwa usiyepajua, Kirando ipo wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Unatoka Sumbawanga na sweta lako, unapita Namanyere, halafu barabara inaanza kuteremka. Baridi ya Ufipa inabaki huko juu. Ukifika chini unapokelewa na joto, harufu ya dagaa walioanikwa, na migebuka mibichi ambayo ukishaila hapohapo ziwani, ya Dar huitaki tena.

Mama yangu mdogo ameolewa huko. Binti yake, ambaye kwangu ni mdogo wangu kabisa, alimaliza kidato cha sita mwaka 2023, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri, na mtaa mzima ukaanza kumwita "dokta". Wazee wakimwona anakwenda kisimani wanamsimamisha wamweleze magoti yanavyowauma. Na hapo hakuwa ameomba chuo hata kimoja!

Nilikwenda kuwatembelea Desemba 2024. Nikamkuta bado yupo nyumbani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Vipi, chuo wamefunga?"

"Sijaomba, dada. Sitaki kwenda kwa sababu mtaa umesema."

Sababu zake zilikuwa mbili, na zote zina maana. Kwanza, hakuwahi kuiona kazi ya daktari kwa karibu, alijua tu kwamba ukifaulu PCB kila mtu anakuvalisha koti jeupe. Pili, hela. Injini ya boti ya baba mdogo ilikuwa imekufa, na nyuma yake kuna wadogo wawili wa sekondari. Akaona akae kwanza, afikirie, atafute chochote, ndiyo aombe.

Hapo sina ugomvi naye. Kijana wa miaka 19 au 20 akisimama kidogo kabla ya kuingia kwenye kazi itakayomchukua maisha yake yote, huyo amejitambua. Ila nilimuuliza swali moja: "Huu mwaka uliopita umeufanyia nini?"

Akanyamaza. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwezi wa kwanza alipumzika. Baada ya hapo bibi akaugua, nani amuuguze? Si dokta yupo! Kisha wifi yake akajifungua, nani akamsaidie? Si yeye hana kazi? Halafu mama akapata biashara ya dagaa ya kwenda na kurudi Namanyere, nyumba ikawa yake: kupika, kufua, wadogo. Ilipofika Julai 2024 na vyuo vikafungua dirisha la maombi, yeye alikuwa jikoni. Alikuja kushtuka dirisha limeshafungwa.

Na kuna binamu yake wa kiume, walimaliza mwaka uleule, naye hakuomba chuo. Yeye alipanda zake Sumbawanga, akafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaweka akiba. Hakuna aliyemwita arudi kumuuguza bibi, wala kumbebea wifi mtoto. Mwaka wake ulikuwa wake.

Hapo ndipo nilipoelewa hili ninalotaka ubaki nalo mwezi huu: mwaka wa kusubiri haukai mtupu. Usipoujaza wewe, watu watakujazia. Na ukiwa mwanamke, watakujazia haraka sana.

Nchi ilishawahi kujaribu

Hili si la Kirando peke yake. Nchi yetu iliwahi kulifanya kuwa utaratibu kwa watu wote.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Moja ya mambo yaliyoamuliwa ni kwamba kijana asitoke kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Apite JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe, tena akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Wakati huo kitivo cha udaktari nchini kilikuwa kimoja tu, kile cha Muhimbili chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo hiki ambacho vijana wa leo wanakiona ni mtindo wa Ulaya, wazazi wetu waliwekewa kama sharti.

Nia ilikuwa nzuri. Walitaka msomi aliyeonja kazi na kuyajua maisha ya wananchi, asije akawa bosi kabla hajawa mtu. Lakini jambo moja likajitokeza mapema: wasichana walipungua chuoni. Miaka miwili ya kazi kwa mvulana ilikuwa miaka miwili ya kazi. Kwa msichana ilikuwa miaka miwili ya kazi, na posa, na ndoa, na mimba, na "sasa utamwachia nani mtoto?" Wengi hawakurudi kuomba. Haikupita miaka mingi serikali ikalegeza, wasichana wakaruhusiwa kuingia chuo bila kupitia ile miaka miwili ya kazi.

Tafakari hapo kidogo. Muda uleule na sharti lilelile, ila kwa mmoja ulikuwa daraja, kwa mwingine shimo.

Najua wapo watakaoniambia, "Mbona Marekani wanafanya hivyo kila siku?" Kweli, wanafanya. Lakini kule mtu anasoma kwanza shahada ya miaka minne, ndiyo anaomba kuingia chuo cha udaktari, ambacho nacho ni miaka minne mingine. Wengi wanaoingia huko wamekaa angalau mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza, wakifanya kazi maabara au hospitali huku wakijiandaa na mtihani wa kuingilia. Ana shahada mkononi. Kwetu unaingia udaktari ukitokea kidato cha sita. Wewe una cheti cha kidato cha sita na mama anayekuita ukachote maji. Kwa hiyo zile video za "mwaka wangu wa kujitafuta" ziangalie, ufurahi, ila usizichukue kama zilivyo.

Huyu aliyesubiri kwa lazima

Kaskazini ya Kirando, kwenye ufukwe wa ziwa lilelile, ipo Karema. Hapo aliishi mtu ambaye jina lake lipo hadi leo kwenye hospitali ya Dokta Atiman pale Sumbawanga. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 huko Afrika Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani, wamisionari wa White Fathers wakamkomboa Algeria, baadaye wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema. Akakaa hapo akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956.

Hiyo ni miaka 67 kwenye ziwa moja.

Simtaji ili nikutie uchungu, wala safari yake si ya kuigwa, maana hakuichagua. Namtaja kwa sababu nikiwasikia watu wanagombana kuhusu mwaka mmoja, namkumbuka. Kazi hii ni ndefu, mwenzangu. Daktari akianza na 26 au akianza na 28, mgonjwa wa Kirando hatamuuliza. Atauliza kama anajua, na kama ana moyo. Kwa hiyo kuchelewa mwaka hakutishi. Kinachotisha ni kuchelewa mwaka halafu usifike kabisa.

"Waambie unasubiri Oktoba"

Turudi kwa mdogo wangu. Nilipokuwa pale nilikuta na posa ipo. Kijana ni mwalimu, anafundisha Namanyere, mpole, ana adabu, hana makuu. Si yule mwanaume wa kwenye hadithi zetu anayekataza mke kusoma. Siku moja alishuka Kirando kusalimia, tukakaa nje baada ya chakula. Baba mdogo alikuwepo.

"Dada, mimi simkatazi kusoma," kijana akasema. "Ila nyumbani wananiuliza kila wiki: unasubiri nini? Nikiwajibu sijui, wananiona mjinga."

Mdogo wangu alikuwa anatoa vyombo. Akasimama. "Waambie unasubiri Oktoba 2025. Julai naomba chuo, Oktoba naondoka."

"Na baada ya Oktoba?"

"Baada ya Oktoba tutakuwa tunasubiri wote, kila mtu na kazi yake mkononi."

Baba mdogo akakohoa, nikajua hajapenda. Hakusema kitu. Lakini kuanzia siku ile nyumba ilikuwa na tarehe. Usidharau tarehe, jamani. "Nitasoma baadaye" haina nguvu mbele ya barua ya posa. "Naondoka Oktoba" ina nguvu, kwa sababu kila anayetaka kukupa kazi ya miezi sita anahesabu mwenyewe anaona haitoshi.

Mwaka wa pili haukufanana na wa kwanza. Jioni alifundisha twisheni ya Kemia na Baiolojia kwa watoto wa kidato cha nne, kwa malipo madogo lakini yake. Asubuhi mbili kwa wiki aliomba kwenye kituo cha afya asaidie kupanga mafaili na kuwaelekeza wazee pa kwenda. Bibi bado alikuwa mgonjwa, ila sasa zamu ziligawanywa, hata kaka zake wakaingia kwenye orodha. Walinung'unika, wakazoea.

Nikampigia simu Mei kumuuliza ameona nini kituoni. Akaniambia: "Dada, nilidhani daktari anatibu tu. Kumbe nusu ya kazi ni kueleza. Mama analetwa na boti usiku, ndugu sita wanalia, na kuna mtu mmoja tu wa kuwaambia kinachoendelea. Hiyo ndiyo naitaka."

Sasa hiyo sentensi hukuipata kwenye PCB. Ameipata kwa kukaa, ila kwa kukaa akiwa anafanya kitu.

Ukiamua kusubiri, subiri hivi

Kwa wewe unayefikiria, au mwenzi wako anayefikiria, haya hapa ya kuzingatia.

Kwanza, weka tarehe na uitangaze. Sema mwezi na mwaka, mbele ya wazazi na mbele ya mchumba. Siku hizi unaomba moja kwa moja kwenye chuo husika, maombi yote hayapitii TCU kama zamani, kwa hiyo fuatilia matangazo ya kila chuo unachokitaka. Dirisha halimsubiri mtu aliyeko jikoni.

Pili, ujue kwa nini unasubiri. Kama ni matokeo, unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hapo mwaka wako unajipanga wenyewe kwa sababu mtihani una tarehe. Kama ni kuionja kazi, ipo pia njia ya stashahada ya utabibu ya miaka mitatu. Ukimaliza unaajirika kama tabibu, na ukifikisha ufaulu unaotakiwa unaweza kuomba udaktari baadaye. Ni njia ndefu, lakini kuna madaktari wazuri sana waliopita huko, na hakuna anayewaambia walipoteza muda.

Tatu, angalia saa ya mkopo. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imekuwa ikitaka mwombaji awe hajazidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Mwaka mmoja au miwili haikuumizi. Ukisubiri mitano, sita, unajifungia mlango mwenyewe. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba, usitegemee wa kaka yako. Na tumia muda huo kuweka karatasi sawa: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, usije ukaanza kukimbizana nacho siku ya mwisho.

Nne, uwe na kazi yenye jina, hata kama hela yake ni ya vocha. "Nafundisha twisheni" ni jina. "Nipo nipo tu" ni mwaliko kwa kila mtu mwenye mtoto wa kubebwa.

Tano, ongeeni hela na watoto mapema. Nani atasafiri kumfuata mwenzake, na kila baada ya muda gani? Mkioana katikati ya masomo, mtoto atakuja lini, atakaa kwa nani? Mazungumzo haya hayana raha ya kimapenzi, najua. Ila mkishindwa kuyaongea sasa mkiwa mmekaa benchi moja, mtayaongea vipi mmoja yuko zamu ya usiku?

Na wewe mchumba

Neno la mwisho ni lako, wewe unayeachwa usubiri. Una haki ya kuuliza mpaka lini. Una haki hata ya kusema hapana, siwezi, na kuondoka kwa heshima. Bora hivyo kuliko kukaa huku unamvuta shati. Usichokuwa na haki nacho ni kuuona mwaka wake wa kusubiri kama nafasi iliyo wazi, ukajipenyeza hapo na pete, ukijua kabisa kwamba ikishaingia, chuo kitakuwa "tutaona". Kama unampenda, msaidie kulinda ile tarehe. Nyumbani kwenu wakikuuliza unasubiri nini, uwe na jibu.

Mdogo wangu aliomba Julai 2025. Nafasi akapata. Kwenye awamu ya kwanza ya mikopo jina halikuwemo, nyumba ikawa kama kuna msiba. Awamu ya pili likatoka. Akaondoka na begi moja na akiba ya twisheni. Mahari haijapokelewa, na upande wa kijana wamekuwa baridi kidogo. Yeye mwenyewe bado anapiga simu kila Jumapili. Kama watafika mwaka wa tano wakiwa pamoja, ni kazi yao wawili, mimi siwezi kuwafanyia.

Ila kisimani Kirando wazee wamepunguza kumwulizia dokta magoti yao. Baba mdogo anawajibu: "Bado anasoma. Mhesabuni 2031."

Tukutane mwezi ujao, mpendane na mhesabu pamoja.